Kilichomkaba Palomita

Palomita ni gari, lakini ukimwita gari mbele ya bibi yangu Asunta utakosa supu siku hiyo. Kwa hiyo na mimi nitamwandika kama mtu: mtu mzima, mweupe, mwenye kutu magotini na kikohozi cha asubuhi. Babu yangu Fermín alifanya naye teksi hapa Oruro mpaka alipofariki. Baada ya mazishi, Palomita akaanza kuvuja oili.

Bibi alisema analia. Mama alisema anachafua vigae.

Mama alikuwa amevisubiri vigae vya uani kwa muda mrefu kuliko alivyomsubiri mume. Alivichagua mwenyewe, vya rangi ya maziwa, akamsimamia fundi kichwani mpaka cha mwisho kikakaa. Niliporudi kutoka shule ya bweni ya masista kwa likizo ya Julai, nilikuta doa kubwa jeusi chini ya Palomita. Nchi yetu haina bahari, kila mtoto wa shule anajua na anahuzunika. Mama sasa alikuwa nayo katikati ya ua, na hakuitaka.

"Jumapili baada ya misa don Edulfo anakuja," alimwambia baba. "Likidondoka tone moja tena, anaondoka naye."

Don Edulfo hununua magari yaliyochoka na kuyakata: mlango unakwenda huku, taa zinakwenda kule. Ni mtu mpole sana. Wauza majeneza nao huwa wapole.

"Mama Zulma, hilo ni gari la marehemu baba yangu," baba alisema.

"Na hivi ni vigae vya mkeo aliye hai."

Baba alikwenda kusimama kando ya Palomita akaweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anayempima mgonjwa homa, na nikaona kwamba safari hii hana utani. Zulma ni mimi, na kwa kawaida utani wa nyumba hii ni jukumu langu. Niliuweka kando kwa muda wa chakula cha mchana.

Baba yangu, Primitivo, ni mtarizi. Anashona mavazi ya wachezaji wa kanivali, yale ya mashetani na madubu, yenye shanga nyingi hata vazi likivuliwa linabaki limesimama. Kwa sababu hiyo anaamini kwamba matatizo yote ya dunia ni matatizo ya mshono. Oili ilikuwa ikitokea pembezoni mwa kifuniko cha juu cha injini, mahali panapokaa gasketi, ule utepe mwembamba unaoziba kati ya chuma na chuma. Kwa baba, huo ni mshono uliofumuka. Alikuwa amekwisha kukata gasketi moja ya karatasi ngumu na nyingine ya gome la vizibo vya chupa, kwa mkasi uleule wa kukatia mahameli, na zilikuwa nzuri kiasi cha kuvaliwa harusini. Zote mbili zilivuja.

Alhamisi tukaanza ya tatu. Tulivaa glavu zilizokatwa vidole, maana Julai ya kwetu inauma. Bibi alituletea api ya moto, uji wetu mwepesi wa mahindi ya zambarau, akakaa kwenye kiti chake kutusimamia.

"Mnamfungua kila siku," alisema. "Hata mimi mngenifungua hivyo ningevuja."

"Mama, namtibu," baba alisema.

"Unamtibu kwa kitambaa. Huyu ana njaa. Tangu baba yako afe, ni mimi peke yangu ninayemkumbuka siku ya ch'alla."

Hapo alisema kweli. Jumanne ya kanivali kila nyumba hufanyia ch'alla mali yake: bia kidogo kwa ardhi, maua, peremende, na vile vikaratasi vidogo vya rangi ambavyo Pasaka hufika bado viko kwenye nywele. Bibi humfanyia Palomita kwanza, nyumba baadaye, binadamu mwisho.

Wakati wakibishana, mgongo ulikuwa unaniwasha, nikachukua ule waya uliokuwa ndani ya kisanduku cha dashibodi. Ulikuwa spoku ya baiskeli, umepindwa katikati, una ndoano nchani na kitambaa kikuukuu kilichofungwa kwenye shina. Hakuna kifaa bora cha kukunia mgongo katika mkoa mzima wa Oruro.

"Rudisha kitu cha babu yako," bibi alisema bila kugeuka.

"Ni waya tu, bibi."

"Alikuwa anasafishia filimbi yake."

"Babu hakuwa na filimbi."

"Angekuwa nayo, ingekuwa safi."

Nilirudisha. Bibi akaenda jikoni kutafuta mkate, na baba, ili apate kuinua kifuniko, akachomoa mpira mmoja mfupi uliotoka juu ya kifuniko kuelekea kwenye chujio la hewa. Aliniwekea mkononi. Mtu akinipa bomba lenye matundu mawili, naona ni wajibu wangu kulipuliza. Niliamua kusubiri bibi atokee mlangoni, kisha nitoe ile sauti ambayo masista wanaikataza kwa majina matatu tofauti. Nikajaribu kwanza kidogo, kupata noti.

Haikutoka. Nikavuta pumzi, nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Kimya.

"Zulma, acha ujinga, lete spana ya kumi."

"Baba, huu mpira haupitishi hewa."

"Haupitishi kwa sababu umeujaza mate."

Lakini aliuchukua, akaufuta kwa mkono wa sweta, akapuliza. Mashavu yake yalivimba kama ya vinyago anavyoshonea mavazi, na macho yakanitazama juu ya ule mpira. Aliushusha polepole.

"Huu unatoka ndani ya injini," alisema, si kwangu hasa. "Ndipo inapopumulia."

Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Nilimwona anafikiri, na sikumsumbua, jambo ambalo ningependa likumbukwe.

"Mteja ananirudishia koti limefumuka," alisema mwishowe. "Nashona upya, linafumuka. Nashona kwa uzi wa ngozi, linafumuka. Siku moja namwangalia mteja. Amenenepa."

"Kwa hiyo Palomita amenenepa?"

"Amevimba. Pumzi haina pa kutokea, basi inaisukuma oili itokee kwenye mshono. Mshono haukuwa na kosa." Alisema hilo la mwisho kwa faraja, kama mtu aliyesafishiwa jina.

Mpira ulikuwa umeziba, na kile kibomba cha chuma juu ya kifuniko kilikuwa kimeziba zaidi, pale kinapokunja kona. Bisibisi haikupinda. Kidole changu kiliingia nusu. Baba alitazama huku na huku, akanyoosha mkono ndani ya kisanduku cha dashibodi, akatoa waya wa babu.

Uliingia sawasawa. Mpindo wa waya ulifuata kona ya kibomba bila kugusa ukuta. Baba alisita, akauzungusha, ndoano ikashika, akavuta.

Kilichotoka kilikuwa cheusi na kinanata. Kilinuka oili na sukari iliyoungua. Alikifungua kwa kucha juu ya kitambaa: vikaratasi vya waridi na kijani, petali za maua, mabaki ya peremende. Kisha akageuza waya akaangalia lile tambara kuukuu la shinani. Ndani ya mikunjo yake kulikuwa na vikaratasi vingine vidogo vya mviringo, vimekauka na kupauka, vya kanivali za kabla sijazaliwa.

Nilifungua mdomo. Baba akanikanyaga mguu, kwa sababu bibi alikuwa anarudi na mkate. Ule uchafu akauficha mfukoni mwa suruali yake nzuri.

"Mama," alisema, "siku ya ch'alla, Palomita unamtilia wapi?"

Bibi alifurahi kuulizwa. "Watu wengine wanamwaga juu ya boneti. Utamlisha mgeni kwa kumpaka supu kwenye shati? Mimi namtilia mdomoni." Akaonyesha kibomba. "Kidogo tu, na peremende moja."

"Na baba alijua?"

"Si ndiye aliyekuwa ananishikia mpira."

Baba alikata mkate, hakuula.

"Na tena alikuwa na dini kuliko wewe," bibi aliendelea. "Kesho yake, Jumatano ya Majivu, anadamka kabla ya padri. Mimi bado nimelala. Akirudi kunywa chai, ana alama nyeusi kwenye paji la uso. Hakukosa hata mwaka mmoja. Wewe sijawahi kukuona na alama."

Baba alitazama vidole vyake vyeusi. Kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama vigae. Nilijaribu kumpata babu akilini: saa ya baridi kali, peke yake, ameinamia injini, anatoa peremende ya mkewe kwa ndoano na kujifuta jasho kwa mkono mchafu. Mtu angeweza kumwambia mara moja, "Asunta, usitie hapo," akalala. Nimewahi kufanya mambo mengi kwa siri, yote ya kumcheka mtu. Hili halikuwa la aina hiyo, na sikulijua jina lake.

"Ni kweli, mama," baba alisema. "Mwaka ujao nitadamka."

Tulifunga gasketi ya tatu, tukakaza bolti kidogokidogo kutoka katikati kwenda pembeni. Jumamosi tulimzungusha Palomita mji mzima, tukamrudisha uani, tukatandika boksi safi la kadibodi chini yake.

Jumapili mama alipiga magoti na nguo zake za misa, don Edulfo kando yake. Katikati ya kadibodi palikuwa na doa bichi.

"Haya," mama alisema, bila furaha.

Baba alivua kofia. Don Edulfo akatoa tepu yake ya kupimia, kwa upole. Lakini mama si mtu wa kuhukumu kwa macho. Aligusa doa, akanusa.

"Hii ni bia."

Sote tukamgeukia bibi.

"Alikuwa na kiu," bibi alisema. "Amefanya kazi jana."

Don Edulfo alinusa naye, akakubali kwamba ni bia, tena si ya bei rahisi, akarudisha tepu mfukoni. Mama alisema Palomita atakaa, na kadibodi itakaa chini yake, na mwenye kumwaga bia atafute pa kuimwaga nje ya vigae.

Kanivali ilipofika nilipata ruhusa ya kuja nyumbani. Jumanne bibi alimlisha Palomita, na baba akamshikia mpira kabla hajaombwa. Alfajiri ya Jumatano aliniamsha kwa kunivuta kidole cha mguu. Mimi nilishika tochi, yeye akatumia waya. Peremende ilikuwa bado nzima.

Bibi alitukuta mlangoni mwa jikoni. Alimtazama baba usoni, pale alipojifuta jasho, akamshika kichwa kwa mikono miwili na kuinyoosha ile alama kwa kidole gumba mpaka ikawa msalaba. Kisha akakinusa kidole chake, na akakaa nacho puani kwa kitambo.

"Majivu ya mwaka huu yana harufu ya baba yako," alisema.

Mimi nilikuwa na alama kwenye mashavu yote mawili, kidevuni na ncha ya pua. Aliniambia padri hajakosea, mwenye dhambi nyingi hupakwa mengi, akanimiminia api.