Hatamu ya Mama Fusae

Nahodha mstaafu Kuramoto aliendesha kivuko miaka thelathini na moja bila kukwaruza gati, na ukikaa naye dakika tano atakwambia. Sasa nyumba yake ilikuwa mashua ya tanga, imetia nanga kwa mnyororo katika ghuba ya Etajima, na kimbunga kilitangazwa kufika kesho yake.

Mnyororo haunyumbuki. Wimbi likiinua omo, yaani mbele ya mashua, mnyororo hukaza ghafla na kung'oa ulipofungwa. Ndipo akatengeneza hatamu: kamba mbili kutoka pande mbili za omo, zikutane kwenye kulabu inayoshika mnyororo. Alizikata fupi, ngumu, nadhifu, kama za kivuko.

Mama Fusae, mfugaji wa chaza, alikuwa akipita na boti yake. Akazima injini.

"Nahodha, hiyo hatamu au tai ya harusi?"

"Kamba mpya hiyo, mama. Haivutiki hata kidogo!"

"Basi umekwisha! Inatakiwa ndefu, ivutike. Kwani suruali yako ina mpira au mnyororo?"

Nahodha alinuna, maana alijua mama kasema kweli. Mama Fusae akapanda mashuani na bunda la kamba ya nailoni, akasuka vitanzi, kila upande wa hatamu mita nane, akavisha kipande cha bomba la mpira pale kamba inaposugua ukingo. Akaondoka kabla chai haijachemka.

Kimbunga kilipiga kutwa nzima. Kamba ikavutika, ikarudi, ikavutika, ikarudi. Haikung'oka hata skrubu moja.

Kesho yake Nahodha alibeba boksi la keki za maharage kwenda kushukuru. Alimkuta Mama Fusae gatini, akitazama chelezo chake cha mianzi cha kufugia chaza, kilichokatika kamba na kusukumwa hadi mdomo wa ghuba, na chaza wa miaka miwili wakining'inia chini yake.

"Nilitaka kukiongezea kamba," alisema Mama Fusae.

"Kamba ipi, mama?"

Mama Fusae akanyoosha kidole kuelekea hatamu ya mashua. Nahodha akaelewa, akainama mpaka kofia ikaanguka.

"Nilidhani ni ya akiba. Kwa nini ulinipa?"

"Chelezo hakina mtu ndani."

Machozi yalimtoka Nahodha, wala hakuyaficha. "Asante, mama. Asante sana."

"Asante haivuti chelezo. Boti yangu peke yake haikiwezi."

Nahodha akaifungua hatamu, akaihamishia tezi, nyuma ya mashua. Mchana mashua na boti zilikuwa zikikivuta chelezo kurudi, na kamba ileile imekaza kati yao.

"Taratibu!" alipiga kelele Mama Fusae. "Hicho si kivuko!"

"Ndiyo, mama," akajibu Nahodha, na siku hiyo hakutaja ile miaka thelathini na moja.