Bakuli la Mama Deok-rye

Mwaka 1974 nilikuwa mpiga kengele wa kanisa letu huku Jeolla, mkoa wa mashamba kusini mwa Seoul, na haya niliyaona kwa macho yangu mawili, ingawa moja ni bovu.

Deok-rye, binti wa kijijini kwetu, alifia kiwandani Seoul, akiwa wima mbele ya mashine ya kufuma. Mama yake akamwomba Mchungaji Pyo amtaje jina katika ibada.

"Alibatizwa?"

"Jumapili alikuwa kazini, Mchungaji."

"Basi siwezi, mama."

Jumapili iliyofuata Mama Deok-rye aliweka mimbarini bakuli la maji ya kisima, kama babu yake alivyofanya kila alipoomba. Babu huyo alikuwa mtu wa Donghak, dini ya wakulima walioasi, wakapigwa risasi, wakafukiwa shimo moja, pale pale tulipojenga kanisa. Maji yale ni ya kuombea, hayanywewi. Mchungaji, mtoto wa mjini, alidhani amewekewa ya kulainisha koo. Akayabugia yote.

"Ala!" nikasema. "Kawanywa wafu!"

Akafungua mdomo ahubiri habari za mbinguni. Ikatoka sauti ya mzee, yenye kikohozi cha moshi wa baruti: "Juu mnatafuta nini? Mtu ndiye mbingu. Ukimpiga mtu, umeipiga mbingu."

Mchungaji akaziba mdomo kwa mikono miwili. Sauti ikatokea puani.

Majuma matatu ikawa vile vile. Akisoma kusulubiwa kwa Yesu, sauti inadakia, "Hata sisi tulikuwepo." Chini ya mbao za sakafu tulisikia viatu vya majani vya wale wakulima vikitembea. Mchungaji akakonda.

"Wanataka nini hawa?" aliniuliza.

"Kwani mama wa watu alitaka nini? Umesoma mpaka ukapitiliza, Mchungaji."

Jumapili ya nne alisimama mimbarini. "Nilidhani nimewaletea Mungu kutoka mjini," alisema. "Nimemkuta huku, kafukiwa pamoja na watu wake." Safari hii ilikuwa sauti yake mwenyewe. Kisha akataja, "Kwak Deok-rye."

Mlangoni mtu akaitika, "Abee."

Hakuna aliyethubutu kugeuka. Mbao zikalia, hatua moja moja, mpaka alipokaa mama yake. Mama akajisogeza, akapangusa sakafu kwa kiganja.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Umesimama mno."