Cherehani Anasema Haliumi

Mimi ni msusi, na ususi umenifundisha kumsoma mtoto kwa shingo. Ukimvuta nywele kupita kiasi, mtoto mwenye adabu atakwambia haiumi, lakini shingo itakaza na mabega yatapanda kuelekea masikioni. Kwa hiyo siku ile niliposimama mlangoni mwa wodi ya watoto na kumwona binti wa kaka yangu ameegemea mito, mabega juu, vidole vimeng'ang'ania shuka, nilijua atanidanganya kabla hajafungua mdomo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Cherehani wangu. Tumbo linauma?"

"Haliumi."

Jina la Cherehani tulimpa wenyewe nyumbani, maana tangu ajue kusema mdomo wake haujawahi kupumzika. Akikusimulia ugomvi wa majirani atakusimulia kwa sauti zao, mmoja mmoja, na juu yake akuongezee kikohozi cha mwenye nyumba. Nikimsuka nilikuwa namwomba anyamaze walau nihesabu mistari ya kichwa. Tangu apasuliwe alikuwa anajibu neno moja moja, na neno lenyewe ni hilohilo. Nesi alikuwa amempa kadi yenye picha za nyuso, kuanzia inayocheka mpaka inayobubujikwa machozi, aonyeshe ipi inafanana na hali yake. Kila mara aliweka kidole kwenye ile inayocheka.

Kidole tumbo chake kilikuwa kimepasukia ndani. Madaktari walimfungua, wakamsafisha usaha, wakamshona, wakatuambia upasuaji umekwenda vizuri. Sasa hofu haikuwa tena tumbo, ilikuwa kifua. Nesi wa wodi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na mwendo wa haraka, alinivuta hadi kwenye sinki akanieleza taratibu. Mtoto aliyekatwa tumboni, alisema, akiachwa na maumivu hathubutu kuvuta pumzi ndefu. Hakohoi, hajigeuzi, hataki kushuka kitandani. Anapumua juu juu tu, makohozi yanatuama, na mapafu yanapata ugonjwa. Ndiyo maana kwao dawa ya maumivu si ya kumbembelezea mtoto, ni matibabu kamili. Ikishamtuliza ndipo wanamkalisha, wanampa mto aubane juu ya kidonda akohoe, na puto apulize mapafu yafunguke.

"Sasa huyu wenu, dada, ya kunywa anaitema," akasema. "Ya mshipani, akisikia ni ya maumivu, anaung'oa mpira wa dripu. Ameung'oa jana, ameung'oa na leo."

"Si mumdanganye tu? Mwambieni ni maji."

"Tulimdanganya jana. Akasikia ganzi kidogo, akang'amua. Leo hata hiyo ya kuua vijidudu tumeiweka kwa vita."

"Basi mshikeni."

"Ikibidi tutamshika. Lakini anavyojirusha na mshono ule, moyo unanidunda. Na hata nikimshika nikampa dawa, siwezi kumkoholea."



Daktari alipita, kijana mpole mwenye macho yaliyokosa usingizi, akaweka kipimo mgongoni kwa mtoto na kusikiliza kwa muda mrefu. Homa ilikuwa imepanda. Akatuita mimi na kaka pembeni, akasema pasipo kuzunguka kwamba pafu moja limeanza kuziba chini. Kama hadi jioni mtoto hajaanza kukohoa na kupumua kwa kina, watamhamishia chumba cha wagonjwa mahututi, na huenda akahitaji mashine ya kumpumulia. Kaka aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Kisha akaniuliza mimi, "Amesema nini?" ingawa alikuwa amesikia kila kitu.

Kaka ni dereva wa lori la masafa marefu. Ni jitu la miraba minne, na mbele ya yule mtoto huwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Alirudi kitandani akapiga magoti sakafuni.

"Mama, pokea dawa. Baba anakuomba."

Cherehani alimtazama. Ilimchukua pumzi tatu fupi kupata sentensi moja. "Baba, mimi nimekukosea nini?"

Kaka akanigeukia, nami nikamgeukia nesi, na nesi akabaki anakunja mkono wa sweta yake. Hakuna aliyeelewa swali lile limetoka wapi.

Upande wa pili wa kitanda alikuwa bibi yake, mama mzazi wa marehemu wifi yangu. Sitaki unafiki, mimi na yule mama hatupikiki chungu kimoja. Ni msimuliaji. Jambo likipita kinywani mwake linatoka limetiwa chumvi na pilipili, na ukimkosoa anakuuliza kama ulikuwepo. Mwaka uliopita wifi alipofariki kwa uvimbe wa tumbo, katika hospitali nyingine, bibi ndiye pekee aliyekuwa naye. Kaka alikuwa barabarani na shehena ya saruji. Msibani kila aliyeingia kutoa pole alipewa kiti na hadithi: jinsi mwanawe alivyomaliza safari kwa utulivu, bila kuteseka. Mimi niliisikia mpaka nikaanza kukimbilia jikoni kuosha vyombo visivyo vichafu. Lakini kaka hakuichoka. Alimwomba arudie. Hadi leo, akikaa kimya sana, utamsikia akijisemea, "Afadhali hakuteseka mwishoni." Ndicho kilichomrudisha kwenye usukani.

Sasa bibi alikuwa amekamata mguu wa mjukuu wake juu ya shuka.

Nikasema nitafanya ninachokijua. Nilitoa kitana kwenye mkoba, nikapanda nyuma ya mito, nikaanza kumfumua nywele. Zilikuwa zimeshikana kwa jasho. Sikumuuliza kitu. Watoto, na hata watu wazima, humwambia msusi mambo ambayo hawamwambii mtu anayewatazama usoni. Nilifumua msuko wa kwanza, wa pili, nikaingia wa tatu.

"Shangazi."

"Naam, mama."

"Mimi sitaki kufa."

Kitana kilisimama. Nikakilazimisha kiendelee. "Nani amesema utakufa?"

Alianza kusimulia. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya bibi, mvuto uleule, na ule ulimi anaougonga kwenye meno kabla ya kufika pazuri. Ila ilikatika kila baada ya maneno mawili kwa kukosa pumzi. "'Alikuwa analia, mwenzangu... anasema inauma... Nesi akaja na sindano... sindano ya maumivu. Akamchoma hapa. Maumivu yakakatika... yote. Mwanangu akatabasamu... akanishika mkono... akakata roho.'" Akapumzika. Kisha kwa sauti yake mwenyewe akasema, "Mama alisema inauma. Wakamchoma ile sindano, akafa. Mimi sisemi."

Wodi ile ina vitanda vingi na mama wengi, lakini nakumbuka tu kaka alivyoinuka kutoka sakafuni.

Mtoto alikuwa amekaa miguuni pa bibi siku zote za msiba, tukamwona kama pambo la nyumba. Tulimletea biskuti. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba anasikiliza, yeye Cherehani, ambaye hakuna neno linalompita.

Kaka aliwahi kusema kwanza. "Mwanangu, mama aliumwa sana. Hakufa kwa sindano."

"Bibi alisema. Walimchoma, halafu akafa."

Nesi akachuchumaa, akamweleza kwa upole kwamba dawa hiyo haiui, kwamba ameshawapa watoto wengi, kwamba yule mvulana wa dirishani kapewa asubuhi na sasa anagombania rimoti. Cherehani alimsikiliza kwa adabu zote. Mabega hayakushuka hata kidogo. Kwake nesi alikuwa mgeni wa juzi aliyemdanganya mara moja tayari, na upande wa pili kulikuwa na hadithi aliyoisikia asubuhi hadi jioni, ikiapiwa na mtu anayempenda.

Nilimtazama bibi. Nilikuwa nimemkasirikia hasa, nina maneno tayari ulimini. Lakini uso wake ulinizuia. Alikuwa anamtazama mkwewe, si mtoto.

"Baba," akamwambia kaka, "toka nje kidogo."

"Kwa nini, mama?"

"Toka tu. Nataka kusema na mjukuu wangu."

Kaka hakutoka. Alikuwa ameshika puto ambalo nesi alimpa amshawishi mtoto alipulize, jekundu, halijapulizwa. Bibi alisubiri. Alipoona hatoki, akajivuta akaketi kitandani, akamshika Cherehani mashavu kwa viganja vyote viwili.

"Mke mwenzangu, nitazame. Bibi yako ni mwongo."

Cherehani akakunja uso. Si tusi analoruhusiwa kulisikia.

"Mama yako hakuchomwa ile sindano."

"Ulisema..."

"Nilisema. Niliwaambia watu wote. Haikuwa hivyo. Mama yako aliumwa, nikamwita nesi, nesi akakimbia kuifuata. Kabati limefungwa, na mwenye ufunguo hayupo. Wakamtafuta. Nikawa nimemshika mama yako hivi, anaita, nami namwambia inakuja, inakuja. Ilipokuja alikuwa ameshakufa. Nesi alisimama pale nayo mkononi, akarudi nayo."

"Haikumgusa?"

"Haikumgusa, mjukuu wangu."

"Na alitabasamu?"

"Hapana. Alikufa analia. Kama angeipata..." Akamwonyesha nesi kwa kidevu. "Wewe yako iko hapa. Huyu hapa ameishika. Ipokee, mama. Nakuomba. Bibi hana nguvu ya kuona hivyo mara mbili."

Mtoto alimkagua usoni. Anamfahamu yule bibi kuliko sisi sote, anajua anavyokuwa akitia chumvi, na pale hapakuwa na chumvi. Niliyaona mabega kwa nyuma yakitikisika. Mdomo wa chini ukapinda.

"Linauma," akasema. "Bibi, linauma sana. Linauma tangu juzi."

Akalia. Kulia kwenyewe kulimuumiza, akawa analia kwa sababu analia, na kila mkupuo unamkata pumzi. Nesi hakupoteza muda. Alimtafuta mshipa kwenye mkono mwingine, akamwonyesha dawa, akamwambia jina lake na itakavyomfanya, usingizi kidogo na pua kuwasha, na kwamba atakaa hapohapo amtazame. Cherehani aligeuza uso kifuani kwa bibi akanyoosha mkono.

Nilibaki na kitana changu nyuma yake. Nimesuka vichwa vingi maishani, sijawahi kufurahia shingo namna ile. Ililegea polepole. Mabega yakashuka kutoka masikioni, vidole vikaachia shuka. Nesi akampa mto aubane tumboni, akamkalisha, akamwambia, "Sasa kohoa kwa nguvu kama kile kikohozi cha mwenye nyumba wenu, nimesikia unakiweza." Akakohoa. Mara ya kwanza kidogo, ya pili likatoka donge zito la kijani ambalo nesi alilipokea kwenye kibakuli kwa furaha ya mtu aliyeletewa zawadi. Daktari alirudi, akasikiliza mgongo, akasema tusubiri, kile chumba kingine hakihitajiki kwa sasa. Mama wa kitanda cha jirani akatupongeza. Cherehani akauliza yule mvulana wa dirishani anaitwa nani, na kwa nini hamwachii mwenzake rimoti, na kabla hajajibiwa usingizi ukamchukua.

Ningependa kuishia hapo.

Kaka alikuwa bado amesimama palepale. Hakuna aliyempa kiti, hakuna aliyempa pole. Sote tulikuwa tumemwinamia mtoto, na yeye nyuma yetu alikuwa amesikia neno kwa neno. Puto lilikuwa limejikunja kwenye ngumi yake. Nilimshika mkono, nikasema, "Kaka, kaa," hakukaa.

"Mama," akamwambia mkwewe. Alisema kwa utaratibu, bila hasira, na afadhali angekasirika. "Umesema alikuwa anaita."

Bibi akaendelea kumfunika mtoto shuka lililokwisha kumfunika.

"Alikuwa anamwita nani?"

Mimi, niliyemsema yule mwanamke mwaka mzima kwa kutia chumvi, nilimwomba moyoni adanganye. Atunge. Aseme alimwita Mungu, alimwita mama yake, mtu yeyote. Anajua kutunga, na mara hii ningemsaidia kuapa. Alinyanyua macho, akamtazama mtoto anayepumua, kifua kikipanda hadi juu na kushuka, kisha akamtazama kaka.

"Wewe, baba. Alikuwa anakuita wewe. Mpaka mwisho."

Kaka yangu aliinamisha kichwa.

"Naam," akaitikia.