Pumzi Thelathini za Kiptanui

Jumatatu asubuhi, Nangila alikuwa akipangusa kifaa cha mazoezi ya pumzi kwa spiriti, nesi Sue alipochungulia mlangoni.

"Mgonjwa wako ameshafika."

"Nani?"

"Mzee Kiptanui. Yule wa Keringet."

Kiptanui alikuwa amefariki jana yake saa kumi jioni. Sasa alikuwa ameketi kando ya kitanda chake cha zamani, sweta imefungwa vifungo vyote. Nangila akampa kile kifaa, kibomba cha plastiki chenye springi inayobishana na anayevuta. Zilitakiwa pumzi thelathini. Mzee alifika kumi na mbili akachoka.

"Si mbaya, mzee. Mashine imekupumulia siku kumi na tisa. Misuli imesahau kazi."

Wodi ile ya mahututi ilikuwa na desturi ya kuwatoa wagonjwa kwenye mashine kila Ijumaa, ili mashine zibaki wazi kwa ajali za wikendi za barabara kuu. Fizio, mtaalamu wa mazoezi ya misuli na pumzi, alikuwa mmoja tu, Nangila, na wikendi hakuwa na zamu. Jumamosi ile, siku moja baada ya Kiptanui kutolewa, Sue alimpigia simu mara mbili. Nangila aliiona ikiita, mikono imejaa povu la nguo, akajiambia Jumatatu si mbali. Jambo hilo lilimkaa rohoni, likakataa kutoka.

Kiptanui hakukosa siku, ila wikendi, maana hakukuwa na wa kumpokea. Kufikia wiki ya tatu alivuta hata mapazia yakamwelekea na fomu zikaruka mezani. Sue akaziwekea jiwe, kazi ikaendelea.

Mkewe, Chepkurui, alikuja na gunia la viazi kwa manesi, akakaa kumtazama.

"Ako na nguvu kuliko akiwa shambani," alisema. Kisha akauliza, "Daktari, na kama angefanya hii kitu Jumamosi?"

Nangila alitaka kusema Mungu ndiye ajuaye. Aliona aibu.

"Pengine mngerudi nyumbani pamoja, mama."

Chepkurui akaitikia kwa kichwa, akajifunga leso upya. Hakulia, na Nangila aliona afadhali angelia.

Nangila aliiandikia ofisi barua, akaambatanisha rekodi za mzee. Msimamizi akajibu kwamba maendeleo ya marehemu yanatia moyo sana, lakini ratiba ya wikendi haina nafasi.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu ya Hanif, fundi wa redio kutoka mtaa wa Section 58, kutolewa kwenye mashine. Alivuta pumzi nane, Nangila akihesabu hadi saa zake za kazi zikapita. Jumamosi alikuja bila kuitwa. Askari wa getini alitafuta jina lake kwenye orodha ya zamu, akapindua karatasi, akatafuta tena.

"Pole madam, hauko hapa. Rudi Monday."

Alisimama pale nusu saa, kisha akaenda nyumbani.

Hanif alifariki Jumapili asubuhi, akazikwa alasiri. Jumatatu saa mbili aliingia wodini kwa miguu yake mwenyewe, nywele amezichana vizuri.

"Nimechelewa?" akauliza.

Nangila alishindwa kumtazama usoni. Alimwambia avute polepole, akaanza kuhesabu.