Sombe ya Ndotoni

…man man, anasema daktari, man man, neno hilo nalijua, polepole, makuli Wachina wa soko la Sanyuanli walinifundisha wakipandisha marobota yangu ya vitenge ngazini, na sasa kidole chenye glavu kimegusa ukingo wa plasta na kusimama hapo, akivuta tu nitajua kama naona, jicho la kulia lilikufa kwa surua nikiwa mtoto Njombe, hili la kushoto ndilo lililobaki, ndilo walilolipasua, na asiyeona rangi atanunuaje vitenge… "Yaya Melania, docteur anasema usitikisike," Laurette huyo, yaya kwao ni dada mkubwa, mkono wake juu ya goti langu, sitikisiki mwenzangu, kinachotikisika ni moyo, wiki nzima gizani nani kanishika mkono mpaka chooni kama si huyu Mkongo wa Lubumbashi niliyekuwa nikinyang'anyana naye mali kwa laobani mmoja, tajiri mwenye duka la vitambaa, na namfikiria tena yule Mjerumani, Fechner, Mwalimu Rozina alitufundisha habari zake chuo cha ualimu nusu darasa limesinzia, mtu alilikodolea jua kupitia vioo vya rangi ili achunguze kinachobaki jichoni ukishafumba, akayaharibu macho, akajifungia chumba cheusi miaka kama mitatu, chakula hakipiti, mpaka bibi mmoja rafiki yao akaota anamwandalia nyama ya nguruwe kwa divai na limau, akaamka, akaiandaa kweli, akampelekea, naye akala… nilimsimulia Laurette kisa hicho nilipokuwa nagoma kula, kumbe najichongea, kesho yake kaja na hotipoti, "Yaya, usiku naliota unakula sombe, Mungu haonyeshi bure, kula," sombe, kisamvu kwetu, majani yenyewe hapa unayatafuta nusu mji, nikala, nikalia, na nilikatazwa kulia… hakuota kitu, namjua, huyu akilala amelala, mlokole asiyedanganya hata kwenye bei, kwa ajili yangu kamsingizia Mungu ndoto… Mjerumani akaona tena, akatoka bustanini, maua yakamwakia mpaka akasema mimea ina roho, watu wakamcheka, baadaye ndipo akaanza kupima hisia za binadamu, ananyanyua vyombo viwili, kipi kizito, anarudia, maelfu ya mara, kama mimi dukani na kitambaa mkono huu na kitambaa mkono huu, nafumba jicho, laobani anacheka, mwache acheke, vidole havidanganywi na rangi… na alichokipata ni kwamba mshumaa mmoja ukiongezwa kwenye mmoja utauona, ukiongezwa kwenye mia huutambui, Mwalimu Rozina aliwasha miwili mezani tukaona anapoteza mishumaa bure, leo namwelewa, mimi nilikuwa na mia, taa za Pazhou wakati wa maonyesho ya biashara, wateja wa Kariakoo wanapiga simu, na Laurette ananisalimia ngazini kila asubuhi nami naitika jicho likiwa kwenye simu, ilibidi izimwe yote ndiyo nimtambue, asante Bwana, sikuombi uzime tena, ila asante… kidole kimesogea, hapana, analowesha plasta, maji ya baridi yanateremka shavuni, man man, na hofu ipo, haijaenda popote, lakini kuna kitu kimeongezeka upande wa pili wa mizani, plasta ikitoka nikaona giza tu, basi yeye atanitajia rangi, mimi nitampimia kitambaa, laobani atakoma na sisi wawili, na nina njaa, mama yangu, ni lini mara ya mwisho nilisikia njaa… "Unaogopa, yaya?" "Naogopa," nasema, maana ndiyo kweli, "lakini, Laurette mdogo wangu, leo usiku uote dagaa," na mkono juu ya goti langu unaanza kutikisika kwa kicheko, daktari anauliza kitu kwa Kichina, na kidole chake bado kipo pale pale kwenye ukingo wa plasta.