Jumamosi ya Mzee Kimeli

Kifuniko cha sufuria kiligonga-gonga gizani, polepole, kama mgeni anayebisha huku akiogopa kuwaamsha wenyeji. Uji ulikuwa umeanza kuchemka. Wahu alipunguza gesi, akamtupia jicho Thuo. Mtoto alikuwa bado amelala, mguu mmoja nje ya blanketi. Ndipo simu ikatetemeka mezani.

Alitabasamu hata kabla ya kusoma. Aliujua ujumbe huo. Programu aliyoiandika mwenyewe ndiyo iliyoutuma. Kwenye saiti ya ujenzi katika mtaa wa Pioneer, Eldoret, ambako Wahu alikuwa karani, kalenda ya kazi ilikaa ndani ya mfumo wa kompyuta ambao mafundi hawakuwahi kuuona. Siku za kazi na za mapumziko waliambiwa kwa mdomo, na mdomo una mambo yake. Basi Wahu, aliyesomea kompyuta madarasa ya jioni huku mtoto akiwa mgongoni, akajifunza kuutumia mlango ambao programu moja hupitia kuomba data kwa nyingine. Kila alfajiri programu yake ingebisha hapo, ichukue kalenda, kisha impelekee kila fundi ujumbe. Leo ilikuwa mara ya kwanza.

Akasoma: "Leo Ijumaa: mapumziko. Kesho Jumamosi: kazi."

Tabasamu likamkauka. Saiti nzima ilijua ni kinyume. Jumamosi ndiyo ya mapumziko, tena iliombwa na Mzee Simeon Kimeli, foremani wao, kwa sababu siku hiyo wakwe walikuwa wanakuja kwake, kijiji cha Ziwa, kumposa binti yake, Chepkoech. Koito, sherehe ya posa, haina baba wa kuazima.

Simu ikalia. Ni yeye.

"Chamgei, Mama Thuo."

"Chamgei, Mzee."

"Sasa mmenihamishia siku? Wakwe wameshafanya mipango yao, mbuzi ako kwa kamba. Kama injinia amebadilisha mawazo, si angeniambia kwa mdomo? Mimi ni mtu mzima."

"Mzee, nipe nafasi kidogo nikague."

"Ukague nini? Vijana wananipigia wakishukuru Mungu. Wengine wamesharudi kulala!" Kisha akashusha sauti, akasema, "Nilidhani tumeelewana na yeye."

Sauti hiyo ya chini ndiyo iliyomuuma Wahu. Akampigia Injinia Opondo.

"Nani amesema?" Opondo alifoka, usingizi ukimruka. "Mapumziko ya Jumamosi niliyaweka kwa mkono wangu! Wahu, konkriti ya slabu inaletwa asubuhi hii. Tusipomwaga leo, ni kesho. Na kesho nani atasimama juu ya hiyo slabu? Uko na Kimeli mwingine kwa droo?"

Hakuwa naye. Akafungua kompyuta kando ya sufuria na kuangalia jibu la mfumo lilivyokuja, kabla programu yake haijalipunguza. Siku ya mapumziko ilikuwa imeandikwa kuanza Ijumaa, saa tatu usiku. Ni nani anayeanza kupumzika kazi ya mjengo saa tatu usiku? Alipoandika programu, hizo saa alizichukulia kama makapi tu. Alizikata, akabakiza tarehe.

Mlango ukabishwa. Faith, jirani aliyekuwa akimshikia Thuo mchana, aliingiza kichwa.

"Mama Thuo, leo nitamchukua mapema. Nina shughuli za kanisa, kesha letu ndilo hili."

"Si mlisema ni Jumamosi?"

"Usiku wa kuamkia Jumamosi! We, umesahau hata kuhesabu usiku? Punguza hiyo kompyuta."

Wahu aliacha kukoroga uji. Aliduwaa na mwiko mkononi. Usiku wa kuamkia Jumamosi. Mfumo ule haukuishi Eldoret. Ulihesabu saa za Uingereza, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Jumamosi ya Kimeli ingeanza saa sita usiku hapa, wakati kule bado ni Ijumaa, saa tatu usiku. Mashine haikusema uongo. Yeye ndiye aliyeikata ulimi kabla haijamaliza sentensi.

"Faith, Mungu akubariki!"

"Kwa nini? Sijafanya kitu."

Aliongeza zile saa tatu, akaendesha upya. Ujumbe ukatoka sawa. Lakini mtu aliyerudi kulala hasomi ujumbe, na hilo kompyuta haikuweza kulitengeneza. Akampigia Kimeli.

"Mzee, injinia hajakugeuka. Kosa ni langu mimi. Leo ni kazi, kesho ni yako."

Akasikia pumzi ikishuka. "Kumbe ni hivyo tu? Basi wewe piga simu. Mimi nachukua boda, nigonge madirisha."

Wakagawana watu. Wahu alipiga simu huku akimlisha Thuo uji. Mmoja alimtukana akidhani ni shemeji yake. Mwingine alikuwa ameshaanza kukamua ng'ombe, akasema atakuja na gumboots hizo hizo. Kimeli naye, walisimulia baadaye, aligonga dirisha moja mpaka mke wa fundi akamwambia, "Mzee, mchukue tu, hata mimi nilikuwa nimechoka naye."

Lori la mixa lilipoingia langoni, walikuwepo wa kutosha. Walimwaga konkriti mpaka jua likaegemea upande wa Turbo. Kimeli akaisawazisha pembe ya mwisho kwa mkono wake, akanawa, akaondoka bila kuaga mtu.

Asubuhi ya Jumamosi, Wahu akiwa anaanua nguo uani, simu ikalia. Upande ule kulikuwa na vigelegele na mtu akiita watoto watoke njiani.

"Mama Thuo! Wakwe wameingia langoni. Wacha nikate, nisionekane baba asiye na adabu."

Akakata. Wahu alibaki na simu mkononi na nguo begani, macho yakimjaa maji. Faith akatoka kwake akipiga miayo ya kesha, akanyoosha mikono kumchukua Thuo kama ilivyo kawaida. Mtoto akajificha nyuma ya sketi ya mama yake, akasema kwa sauti ya wapangaji wa plot nzima kusikia:

"Leo mama ako nyumbani."