Uzito wa Amplifaya

Nilipoinua amplifaya yangu kutoka kwenye meza ya Mama Anton, nusura nianguke chali. Nilikuwa nimejikaza kubeba kitu kizito, na nilichobeba kilikuwa chepesi.

"Vipi?" akaniuliza.

"Hamna kitu."

Wiki mbili kabla, nilipoipeleka kwake nikiwa nimeifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli, nilishuka mara tatu kupumzika kati ya Ng'ambo na Isevya. Sasa ningeweza kuibeba kwa mkono mmoja.

Ulikuwa mwaka sabini na tatu. Mimi ni seremala. Siku za kazi nilichonga vitanda na makabati ya mninga, na Jumapili nilipiga gitaa la kulaza katika bendi yetu ya Kalunde Jazz. Gitaa lenyewe nililichonga kwa mkono wangu. Unalilaza mapajani, mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unadonoa. Sauti yake hupanda na kushuka bila kukatika, kama mtu anayeimba kwa mdomo uliofumbwa. Lakini linataka amplifaya safi. Yangu ilikuwa ya valvu, zile taa ndogo za kioo za ndani, ya zamani mno, iliyotoka kwenye jumba la sinema ambalo mmiliki wake alihama mji. Nikipanda juu ilikwaruza. Nikishikilia sauti, ilikufa kabla sijaridhika.

Eustadia, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Anton, ndiye pekee aliyekubali kuigusa. Marehemu mumewe alikuwa akitengeneza mitambo ya seminari ya Kipalapala, naye alijifunza kazi pembeni yake. Alipofiwa, watu waliendelea kumpelekea redio zao. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hilo sikulipenda.

"Usiifungue," aliniambia siku ile ya kuichukua, nilipokuwa nakaza mpira kwenye baiskeli. "Hata ukiwa umeizima. Hata ukiwa umechomoa waya ukutani. Ikiharibika, niletee mimi."

"Kwa nini nisifungue kitu changu?"

"Kuna umeme unaobaki ndani."

Umeme ubaki ndani ya kitu kisichochomekwa popote! Nikatikisa kichwa, nikaondoka. Kwenye kona nikapishana na Masolwa, mpiga besi wa bendi ya Usoke, mahasimu wetu, anaelekea kule nilikotoka. Aliinua mkono tu, hakusimama. Mimi nikasimama. Nilijibanza nyuma ya kibanda cha mkaa, nikasubiri. Haukupita muda akatoka kwa Mama Anton na gunia begani, shingo imempinda kwa uzito.

Jumapili ile, kwenye bugi, dansi letu la mchana, nilipiga kama sijawahi kupiga. Sauti ilitoka nyororo, ikakaa hewani mpaka nilipotaka mimi iishe. Kuna wanawake walioacha kucheza wakasogea kutazama mikono yangu. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikuwa najiuliza: kama amenipa hiki, amechukua nini?

Nilimweleza Ngollo, mpiga ngoma wetu, tulipokuwa tunafungasha vyombo.

"Shaba," akasema palepale. "Mashine hizo za zamani zina shaba tele, na siku hizi shaba haipatikani hata kwa dawa. Unadhani alikukataza kufungua kwa nini?"

Nilikuwa nalijua neno hilo kabla hajalisema. Nilitaka tu mtu mwingine alitamke.

Jumatatu asubuhi niliiweka kwenye meza ya karakana yangu. Niliiwasha nihakikishe inafanya kazi, nikaizima, nikachomoa waya ukutani. Nikafungua skrubu nne. Ndani nikakuta spika ngeni. Ile ya zamani niliikumbuka vizuri: mgongoni ilikuwa na bonge la koili, waya wa shaba uliozungushwa, kubwa kama ngumi mbili. Hii ilikuwa na sumaku ndogo tu.

"Mwizi," nikasema kwa sauti, peke yangu. Nikaingiza bisibisi kuinua nyaya, nione na kingine alichochukua.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka pigo kama la rungu begani, harufu ya nywele zilizoungua, na mke wangu Sikuzani akinimwagia maji huku analia. Kidole gumba cha mkono wa kulia, ambacho ndicho ninachodonolea nyuzi, kilikuwa cheusi nchani.

"Ulichomoa waya?" akaniuliza.

"Nilichomoa."

"Basi kakutegea. Yule mwanamke kakutegea kitu akuue!"

Nilikuwa nakumbuka alichoniambia Mama Anton, neno kwa neno. Nikamwacha mke wangu aende na maneno yake hayo sokoni.

Kufika Jumatano, Isevya nzima ilikuwa inasema kwamba bendi ya Usoke imemtumia Mama Anton kunimaliza. Watu walikwenda kuchukua redio zao hata kabla hazijapona. Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, balozi wa nyumba kumi wa kwake, Mzee Twalibu, akatuita mimi na Mama Anton barazani kwake, nami nikaenda na amplifaya. Watu walijaa mpaka barabarani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Fundi Yahaya, dai lako ni nini?"

"Ameiba shaba yangu, Mzee. Kisha akanitegea umeme ili nisigundue."

Mzee Twalibu akamgeukia. "Mama Anton?"

"Naomba iwashwe kwanza, Mzee," akasema.

Ikawashwa kwa umeme wa nyumba ya balozi mwenyewe. Valvu zikawaka rangi ya chungwa. Mama Anton akaizima, akachomoa waya, akampa Mzee Twalibu plagi aishike mkononi ili kila mtu aione. Halafu akafungua, akachukua bisibisi ndefu ya mpini wa mbao, akagusisha ncha yake mahali fulani ndani. Cheche ikaruka, ikalia kama pigo la kiboko. Watu wakarudi nyuma wakikanyagana. Mzee Twalibu akaitupa plagi.

"Huo ndio unaobaki," Mama Anton akasema. "Nilimwambia."

"Alikwambia?" Mzee akaniuliza.

Nilikitazama kidole changu kilichofungwa kitambaa. Sikuzani alikuwa amesimama na wanawake wenzake, ananitazama mimi.

"Aliniambia."

Mama Anton akaendelea, bila kupandisha sauti. "Spika yake ya zamani ilikuwa na sumaku ya umeme, iliyozungushiwa waya wa shaba. Ilikula nguvu, gitaa likabaki na makombo. Nikaweka spika yenye sumaku yake yenyewe." Akaonyesha transfoma mpya iliyofungwa kwa karatasi ya nta. "Waya nilioutoa nimeuzungusha upya hapa, siku nne, mzunguko kwa mzunguko. Ndiyo maana sauti haikwaruzi. Shaba yake imo humo humo. Chuma kilichobaki kipo uani kwangu, aje akichukue. Nilitaka kumweleza, akasema yeye anataka sauti, mambo ya ndani hayamhusu."

Ni kweli, nilisema hivyo.

Nikaomba radhi mbele ya watu wote. "Nimesikia," akajibu. Hakusema amesamehe.

Nilitaka kuuliza habari za gunia la Masolwa. Mpaka leo sijui lilikuwa na nini, na nakiri kuna siku bado linanisumbua.

Kidole kilichelewa kupona. Siku ya Saba Saba, Kalunde Jazz walipanda treni kwenda kupiga Igalula, kwenye kijiji kipya cha ujamaa, mimi nikabaki na Sikuzani, ambaye kwa siku nyingi alinisemesha ya lazima tu. Redio zilirudi kwa Mama Anton moja moja. Si zote.

Mvua zilipoanza, valvu moja ikafa. Sikuwa na pa kwenda ila kwake. Aliipokea amplifaya, kisha akanionyesha kigoda mbele ya meza.

"Kaa utazame."

"Mama Anton, mimi sina haja ya kutazama."

"Mwenye haja ni mimi."

Nikakaa. Kila alichokitoa alikiinua mbele ya macho yangu, akakitaja, akasubiri niitikie ndipo akiweke mezani. "Skrubu." "Naam." "Valvu." "Naam." Wapita njia walisimama mlangoni wakicheka. Yeye hakucheka.

Adhana ya adhuhuri ikalia kazi ikiwa nusu. Nikaomba ruhusa nikaswali.

"Nenda," akasema. Akaweka bisibisi chini, akaondoa mikono yote miwili mezani na kuiweka mapajani. "Sigusi kitu mpaka urudi."